Sanduku Lililosema Sijui

Damu ilikuwa inadondoka juu ya kioo, na kioo kilikuwa juu ya uso wangu. Sikuiona. Ndani ya sanduku lile, ukishalala chini ya kioo, huoni hata kiganja chako. Niliisikia tu: tone, kimya, tone tena, halafu ikaanza kuteremka na mwinamo wa kioo kuelekea magotini kwangu, kama maji ya mvua yanavyotafuta njia juu ya bati. Baba Tusa hakupiga kelele. Nilichokuwa nasikia ni pumzi yake, ndefu, ya puani, kama ya ng'ombe aliyefungwa miguu yote akalazwa chini. Wanaume watatu walikuwa naye ndani ya ghala la kata mchana ule: Katibu Kata Kastori, mgambo Pankrasi, na Mwalimu Gaspari wa kisomo. Walimwekesha vidole kwenye ukingo wa sanduku, wakakirudisha kifuniko juu yake, kisha mmoja wao akakaa. Mbao za mninga haziongopi. Niliusikia uzito wa mtu ukishuka, ukatulia, na nikasikia kitu kinavunjika ambacho hakikuwa ubao. "Binti yuko wapi?" Kastori akauliza. Baba Tusa akajibu, "Nimeshakwambia ameondoka." Na mimi nilikuwa palepale chini ya mikono yake, karibu kiasi kwamba ningeinua uso kidogo tu paji langu lingegusa upande wa chini wa kioo kile kilichokuwa kinapokea damu yake.

Majuzi tumemzika. Alikufa usingizini, hapahapa Majengo, Sumbawanga, katika chumba kilekile alichonifundishia, na watu walijaa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa kwenye masufuria na kina mama, mwiko mkononi, wakati wasifu wa marehemu ulipoanza kusomwa. Msomaji alikuwa Mwalimu Gaspari. Sasa hivi ni mzee, anavaa koti hata jua likiwaka, na sauti yake bado ni ya darasani. Akasoma kwamba marehemu alikuja Ufipa akitokea Mbeya, alikuwa fundi cherehani hodari na mpenda vitabu, alifurahisha watu kwa michezo ya kiinimacho, "mpaka alipopata ajali ya mashine ya kusaga iliyomlemaza mikono." Mashine ya kusaga. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Kastori alikuwa amekaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, naye akatikisa kichwa. Pankrasi, ambaye siku hizi hana meno, ndiye aliyekuwa ameongoza vijana kuchimba kaburi. Wote watatu walikuwepo, wakala ubwabwa niliopika mimi. Niliugeuza mwiko mpaka mama mmoja akaniambia, we Skola, utaitoboa sufuria. Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini kuandika najua, na aliyenifundisha kuandika kitu kikaeleweka ndiye huyo waliyemzika kwa uongo. Kwa hiyo naandika.

Habari za kwetu na sababu ya mimi kuondoka nyumbani haziingii hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule wa Operesheni, mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini, nilikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama fito, na Baba Tusa alikuwa anatafuta msichana mwembamba. Alipanga vyumba viwili Majengo. Cha mbele kilikuwa cha cherehani, cha nyuma cha kulala, katikati pazia la khanga iliyopauka. Kila mahali palikuwa na vitabu: chini ya cherehani, juu ya mtungi, vingine amevikalia kama kigoda. Mke wake, Mama Tusa, aliviita wake wenza. "Nenda kamwamshe mwenzangu mmoja pale ukutani, nataka kusogeza meza," angeniambia. Alikuwa mtu wa Tukuyu, ambako Tusa wao alibaki kwa bibi, mtu wa ndizi na maziwa, na ugali wetu wa ulezi ulimshinda. Kila jioni akiukata tonge aliutazama ule weusi wake, akasema Wafipa mna bahati, njaa ikija mtakula ardhi na hamtajua kama mmebadili chakula. Nami nilimjibu kwamba watu wa ndizi ndio maana wanalala mapema, chakula chao hakikai. Tulicheka. Kwenye maharage na dagaa wa Kirando, na ile baridi ya Juni inayopenya mpaka kwenye godoro, tulicheka sana katika nyumba ile. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari zangu wanadhani mwaka wote ulikuwa giza.

Baba Tusa hakuwa msomi. Alisoma madarasa machache ya misheni huko kwao, mengine yote alijisomea mwenyewe, na sababu ya kujisomea ilikuwa aibu. Alinisimulia mwenyewe. Miaka ya mwanzo alikuwa na michezo ya kawaida ya watu wa mazingaombwe: yai linatoka sikioni, kamba inakatwa halafu ni nzima, kitambaa chekundu kinakuwa cheupe. Siku moja mnadani Chala akalitoa yai, na mzee mmoja mlevi akamwita kwa jina lake la michezoni, akasema kwa upole kabisa, "Profesa, hilo yai hata mwaka jana lilitoka sikio hilohilo. Halijaanguliwa tu?" Mnada mzima ulicheka. Alirudi Majengo akakaa na cherehani yake siku kadhaa, kisha akaenda kwa mapadri kuomba vitabu vyovyote wasivyovitaka. Akapewa vya ajabu: cha nyota, cha magonjwa ya ng'ombe, cha wafalme wa Misri, na kimoja kisicho na jalada kinachohusu mwanga na vioo. Karatasi za bwana shamba alizisoma. Magazeti yaliyofungia sukari aliyanyoosha akayasoma. Na palipokosekana kitabu alienda kwa watu. Aliwahi kushinda siku nzima kwa mzee mmoja kipofu aliyefua chuma enzi za ujana wake, anamuuliza tanuru la udongo lilijengwaje, walichochea na miti gani, waliimba nini. Mama Tusa aliuliza hayo yanahusianaje na kutoa yai sikioni. Akajibu kwamba hajui bado, na ndiyo raha yake.

Nilikuja kuuona uhusiano wake kwa macho yangu. Alikuwa na mchezo wa bakuli la maji: maji yanakwisha, maji yanarudi. Yalikokuwa yanaingia sitasema, hiyo ni siri yake hata akiwa kaburini. Kwanza aliucheza hivihivi, watu wakapiga makofi ya adabu. Baada ya kusoma na kuuliza wavuvi, aliliita bakuli lile Ziwa Rukwa. Tulipokuwa Ilemba, ambako ziwa ndilo jirani, alisimulia polepole jinsi mito inavyoingia na hakuna hata mmoja unaotoka, jinsi babu zao walivyowahi kutembea kwa miguu mahali ambapo leo mtu anatega nyavu, na huku anasimulia maji yanapungua mkononi mwake mpaka bakuli likakauka. Akaligeuza juu chini. Halikutoa tone. Akanyamaza. Nilimwona mama mmoja ameshika mdomo kwa mkono. Alipoyarudisha yale maji hakuna aliyepiga makofi, watu walivuta pumzi tu, na mzee mmoja akasema taratibu, "Ndivyo baba yangu alivyoniambia." Ni bakuli lilelile. Kilichoongezeka ni alichokisoma.

Halafu likaja sanduku, na sanduku ndilo lililotuponza. Lilikuwa sanduku kubwa la mninga, ndani limepakwa rangi nyeusi. Kifuniko kinafunguliwa, mtu anaitwa kutoka kwenye umati, anachungulia, anaapa kwamba ni tupu. Kifuniko kinafungwa. Kisha yeyote anauliza swali lolote, na sanduku linajibu. Siri yake naisema, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa kosa la watu wale. Ndani kulikuwa na kioo kilicholazwa mshazari, kutoka juu upande wa nyuma mpaka chini upande wa mbele, na mimi nilijikunja chini yake. Ukichungulia ukiwa nyuma, kioo kinakuonyesha ubao wa mbele, nawe unadhani umeona sakafu. Lakini ukisimama mbele ukainama, unakutana na uso wako mwenyewe. Kwa hiyo bawaba alizifunga upande wa mbele, kifuniko kikifunguka kinasimama kama ukuta, hakuna anayeweza kuchungulia kutokea huko. Yote hayo aliyatoa kwenye kile kitabu kisicho na jalada. Walikisoma wawili, yeye na Mwalimu Gaspari. Kioo cha kwanza kilipopasuka njiani, ni Gaspari aliyezunguka mpaka akapata kingine, cha kabati la nguo. Alikileta begani mwenyewe, kimefungwa kwenye blanketi. Kumbukeni hilo.

Sanduku lilipaswa kujua. Ndiyo maana jioni zetu zilikuwa hivi: tukimaliza kula, Mama Tusa anatoa vyombo, mimi nasoma ukurasa kwa sauti, Baba Tusa anapindisha suruali ya mtu huku ananiuliza. Kwa nini mvua ya mawe inaangukia shamba moja na kuacha la pili? Ndama akizaliwa kipofu ni nini? Mwezi unapofunikwa, nani ameufunika? Nikikosea hakunikemea, alishona kimya mpaka nikaona mwenyewe. Alikuwa na sheria moja na aliirudia mpaka ikanichosha. "Kiinimacho ni uongo mmoja tu, mwanangu. Sisi tumeshautumia: tumesema sanduku ni tupu. Ukiongeza wa pili umekuwa tapeli." Kwa hiyo kila kilichotoka sandukuni kilipaswa kuwa kweli. Swali likinishinda nilibisha ubao kwa ndani, naye angeleta utani, angesema sanduku limesinzia, apishwe mwenye swali jingine. Neno sijui hatukulitumia. Aliliogopa, nadhani. Alisema likishatoka watu watauliza tunakula hela zao kwa nini, bora twende nyumbani tukasome, mwezi ujao tujibu. Na kweli tulikuwa tunarudi. Pale Chala mtu aliwahi kuuliza habari ya nzige, na baada ya majuma mengi sanduku likamwita kwa jina likamjibu. Aliogopa kwanza, halafu akafurahi mpaka akatuletea jogoo.

Gaspari alikuwa anakuja karibu kila jioni. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, kijana, mwembamba kama mimi, na alimpenda Baba Tusa, siwezi kusema hakumpenda. Nikiwa nyuma ya pazia naosha vyombo niliwasikia wanabishana. Gaspari alikuwa anasema elimu isiyotumika ni pambo, Fundi, wewe una watu mia mbele yako wanasikiliza sanduku kuliko wanavyonisikiliza mimi na ubao wangu, na unawaambia habari za mwezi. Baba Tusa alijibu kwamba mtu aliyejua habari za mwezi hatishwi na mwezi. Gaspari akasema, "Kuna mambo makubwa kuliko mwezi mwaka huu." Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Baadaye ndipo nilipoelewa ile sauti ya kikombe: alikuwa ameshakata shauri.

Katika njia ya Chala kulikuwa na kitongoji juu ya kilima ambacho watu wake walikataa kushuka kwenye kijiji kipya. Hawakuikataa serikali. Sababu yao kila Mfipa anaijua. Masika walikuwa wameshakata majani na kuyafukia kwenye matuta yetu yale ya mviringo, yaoze ndani, ili mvua zikirudi wapande. Ukiacha matuta yaliyofukiwa umeacha chakula cha mwaka unaokuja, na si kwamba unaweza kuyabeba kichwani. Waliomba wavune mara moja tu, kisha washuke. Aliyekuwa anawasemea ni Bibi Oresta, mjane, mama mfupi mwenye maneno. Kastori alipowafuata na mgambo alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu Kastori, shikamoo yangu hujanipa, unataka na nyumba yangu?" Wakamcheka. Mtu kama Kastori hasahau kicheko.

Akaja Majengo mwenyewe, mchana, na Gaspari nyuma yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nachambua ulezi kwenye ungo. Kastori alisifu vitabu, akasifu suruali zilizotundikwa, akamwita Ndugu Profesa. Kisha akasema wazi. Wazee wa huku wanawakumbuka watu wa kamchape, wale waliozunguka vijiji na vioo vyao wakitafuta wachawi. Mkutano mkubwa utaitwa. Sanduku litachunguliwa, litafungwa, naye ataliuliza ni nani wanaologa ili watu wasihamie. Sanduku litataja majina. La kwanza, Oresta. Baba Tusa akamuuliza, na wakishatajwa? Kastori akasema watahama. "Mtu aliyetajwa uchawi Ufipa hahami," Baba Tusa akasema. "Anachomewa ndani." Kastori akacheka kidogo, akasema hayo ni ya watu, si ya ofisi. "Sanduku lako halijawahi kusema uongo, Profesa. Ndiyo sifa yake. Na binti anayeongea humo, ninalo jina lake."

Niliacha kuchambua. Hakuna mtu Sumbawanga nzima aliyejua kwamba sauti ile ni ya binti, isipokuwa Mama Tusa na mmoja mwingine. Na huyo mmoja, nilimwona kwa upenyo wa pazia, alikuwa amesimama mlangoni anatazama viatu vyake.

Siku zilizofuata Mama Tusa alitaka tukimbilie Mbeya na basi la alfajiri. Baba Tusa akasema sanduku lisipofika, Kastori ataleta mganga wa kweli mwenye kioo chake, na huyo atataja hata watoto. Ilikuwa kweli, na ndicho kilichokuwa kibaya. Asubuhi ya mkutano aliniita kwenye cherehani. Aliniuliza, "Leo watakuuliza usichokijua. Utafanyaje?" Nikasema nitabisha. Akauvuta uzi, akaukata kwa meno. "Leo usibishe," akasema. "Leo useme."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya kijiji kipya. Upepo ulikuwa mkali, vumbi jekundu, watu wamejifunika mablanketi. Nilishaingia sandukuni kabla hatujashusha mzigo kwenye mkokoteni, kama kawaida. Nilisikia Baba Tusa anacheza Ziwa Rukwa, nikasikia kile kimya cha maji kukauka. Kifuniko kikafunguliwa. Mtu akachungulia, akasema kwa sauti, tupu kabisa, hata mende hayumo. Kicheko. Kikafungwa. Kisha nikamsikia Kastori amesogea karibu na kuweka kiganja juu ya ubao, kama mtu anayempapasa mbwa wa mwenzake.

"Sanduku, wewe unayejua yote. Waambie wananchi hawa ni nani wachawi wa kilima kile."

Nilisikia bendera inapiga mlingoti. Majina nilikuwa nayo, Gaspari alikuwa ameyaleta yameandikwa vizuri kwa mwandiko wa ubaoni, nami nilikuwa nimeyakariri, kwa sababu kukariri ndiyo ilikuwa kazi yangu. Oresta alikuwa miongoni mwa watu pale, nilishamsikia anakohoa.

"Sijui," nikasema.

Kastori akauliza tena, kwa sauti ya juu. Sijui. Akabadilisha swali: ni nani wanaozuia maendeleo? Nikasema, "Hilo nalo silijui. Ninachojua ni kwamba majani yaliyofukiwa masika hayaozi kabla ya mvua." Sikuwa nimefundishwa kusema hivyo. Lilitoka lenyewe. Kwanza akacheka mtu mmoja, mwanamke, halafu uwanja wote, wazee kwa vijana, kicheko cha watu waliokuwa wameshika pumzi tangu asubuhi. Nikamsikia Bibi Oresta anasema, "Hata sanduku limelima kuliko Katibu." Watu wakaanza kuondoka wenyewe, hawakusubiri kuruhusiwa.

Mimi sikuwahi kutoka. Mgambo walilibeba sanduku nikiwa ndani, wakalitupa chini ghalani, bega langu likagonga ubao na mpaka leo baridi ikija linanikumbusha. Wakamleta Baba Tusa. Kastori alikuwa anahema. Alimtaka binti: kesho yake nisimamishwe hadharani bila sanduku, niseme majina kwa mdomo wangu, au mimi ndiye niwe mchawi wa kwanza. Akafungua kifuniko mwenyewe. Alikuwa upande wa nyuma. Mwanga uliingia, nikauona ukingo wa kioo unang'aa, na nikazuia hata kumeza mate. Tupu, akasema, kwa hasira. Pankrasi akasema labda lina sakafu mbili, ngoja alizunguke upande wa pili. Nikasikia viatu vyake vinakuja mbele, kule kwenye bawaba, kule ambako angeinama juu ya kifuniko akaona uso wake mwenyewe, na akishajiona, mgambo au si mgambo, angeelewa.

Ndipo Gaspari akasema, "Hamna mtu humo. Hata mimi naona."

Alikuwa anajua. Kioo alikileta begani. Alijua mahali nilipo kuliko alivyojua mahali pa chaki yake. Viatu vya Pankrasi vikasimama. Kastori akasema, basi mwekeni vidole hapo, fundi huyu atakumbuka. Na mengine nimeshayasema mwanzo: kifuniko, uzito, tone. Sauti za watu wote watatu zilikuwa karibu. Ni ipi iliyotoka juu ya kifuniko, sikuweza kutambua. Kisha wakaurudisha mlango wa ghala bila kufuli, wakaenda zao.

Baba Tusa alikiinua kifuniko kwa kiwiko na kidevu. Nilipotoka alikuwa anatazama kwenye kioo, damu imeandika njia zake mpaka chini, na jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Ulisema vizuri ile ya majani." Tulitembea mpaka zahanati ya misheni, mimi nimemshika kiunoni kama mlevi. Sista aliyemfunga alisema mikono hii haitashika sindano tena. Hakuuliza ilikuwaje. Mwaka ule watu hawakuuliza.

Kastori hakuitisha mkutano mwingine wala kumleta mganga, watu walishamcheka; walikuja tu Majengo wakachukua vitabu vyote kwenye gunia, eti vya ushirikina. Hawakuvichoma. Baada ya muda tukaanza kuviona sokoni, vimechanwa kurasa, vinafungia karanga. Nilidhani atalia. Akaanza kununua karanga. Alikuwa anachagua muuzaji kwa karatasi yake, anazimimina karanga kwenye sahani ya Mama Tusa, anainyoosha ile koni kwa kifundo cha mkono na kusoma, nyota kipande, ng'ombe kipande. Hivyo ndivyo alivyoendelea kujifunza mpaka uzee, akigeuza kurasa kwa ulimi. Mama Tusa alisema wake wenza wamerudi vipandevipande. Kuna wakati tulijaribu kurudi kwenye michezo, yeye akisimulia amekaa, mimi nikiwa mikono yake. Lakini mwanamke, tena wa Sumbawanga, anayekausha maji kwenye bakuli mbele ya watu? Walianza kunitazama kama mchawi kisimani. Tukaacha. Watu wa kilima kile walishushwa na malori kabla ya mvua, mapaa yao yakang'olewa, matuta wakayaacha. Bibi Oresta alikufa kijijini miaka mingi baadaye, kwa uzee, kitandani, na hakuna aliyewahi kumwita mchawi. Hicho ndicho vidole vile vilichonunua. Ni kingi au ni kidogo, mimi siwezi kupima.

Nilimuuliza mara nyingi ni nani aliyekaa. Aliwaona, yeye hakuwa sandukuni. Hakuniambia kamwe. Alisema nikikutajia utambeba mtu maisha yako yote, sasa hivi unabeba swali tu, ni jepesi. Si jepesi, Baba Tusa. Ulinifundisha maswali, ukasahau kunifundisha kulitua moja.

Kwa hiyo namuuliza Mwalimu Gaspari, kwa kuwa ndiye mwenye kusoma wasifu wa watu. Ni mashine ya kusaga ya nani, Mwalimu? Ipo mtaa gani? Kastori nimeshakutaja, Pankrasi nimeshakutaja, mnaishi umbali wa kutembea kutoka kwangu na mnajua mlango. Mmoja wenu alikaa. Kama ni wewe, Gaspari, na ulikaa ili wasikifungue tena kile kifuniko wakanikuta, basi sema, nijue kwamba nimeishi kwa vidole vya mtu na kwa makalio ya rafiki yake, nami nitatafuta pa kuliweka hilo. Kama si wewe, mtaje aliyekaa, halafu uniambie ni kwa nini sauti yangu uliipeleka kwa Kastori. Sanduku ninalo, baadaye tulilifuata ghalani kwa mkokoteni. Liko sebuleni kwangu hapa Majengo, kioo chake kizima. Kifuniko nimekiondoa kwenye bawaba, kwa hiyo upande wa mbele uko wazi, mtu anaweza kusimama pale akainama akajiona. Njooni msimame hapo, mmoja mmoja, mnijibu. Neno sijui lilishasemwa mara moja na sanduku hili, na siku ile lilikuwa kweli. Ninyi watatu hamruhusiwi kulitumia.